Sindano ya Mosaka

Sisimizi ndio waliotangulia kujua. Asubuhi moja Gertrude alikuwa akifagia nyuma ya mlango wa jikoni, akawakuta wamejazana kwenye saruji, pale paka alipokojoa, wakinywa kana kwamba kumemwagika chai. Alisimama na ufagio mkononi. Sisimizi wa namna hiyo alishawahi kuwaona chooni uani, muda mfupi kabla mumewe hajaambiwa kuwa ana ugonjwa wa sukari.

Mumewe, Théodore, alikuwa fundi wa mashine za boti. Ujana wake wote ulipita mtoni, kati ya Kisangani na Yangambi, na sasa amestaafu, anakaa nyumbani kwao komini ya Tshopo, mjini Kisangani, pamoja na mkewe, binti yao wa mwisho Chancelle, na huyo paka. Paka huyo walimwita Mosaka kwa rangi yake nyekundu kama mchuzi wa mawese. Alikuwa mnene kupita kiasi. Kila asubuhi Théodore alikula mikate ya kukaanga na chai ya maziwa iliyokolea sukari, na kila asubuhi Mosaka alipata mkate wake uliolowekwa mumo humo. Gertrude alikwisha choka kuwagombeza.

Mzee alimeza vidonge tu. Daktari alimwambia mara nyingi kwamba vidonge havitoshi tena, aanze insulini, naye alikataa katakata. Kaka yake mkubwa alianzishiwa sindano hizo akiwa tayari yuko taabani, akafa juma lile lile. Tangu siku hiyo, kwa Théodore, insulini ilikuwa jina lingine la sanda. Hata mashine ya kupimia sukari aliyonunuliwa na mwanawe aliitupa ndani ya kabati, chini ya nguo.

Mashine hiyo ilitoka kabatini kwa ajili ya paka. Mosaka alipoanza kukonda huku akila kwa pupa, akimaliza bakuli la maji na kulia apewe jingine, Théodore mwenyewe alimwita Docteur Nicolas, daktari wa mifugo aliyezoea mbuzi na nguruwe. Docteur alimchoma Mosaka ukingoni mwa sikio, akakamua tone la damu, akatazama namba kwa muda.

“Iko na sukari, Papa. Sukari mingi sana.”

Théodore alicheka. Kisha akaacha kucheka. “Paka pia?”

“Paka pia. Lakini bon, paka iko na bahati moja. Kama tunaanza mapema, tunabadilisha chakula, na insulini inafuata saa yake, kuna zingine zinapona kabisa. Zinaacha sindano.”

Gertrude alimtazama mumewe usoni. Alingoja aseme mnyama aachwe afe kifo chake. Théodore alivuta kiti karibu, akavaa miwani.

“Nionyeshe,” alisema.

Akaonyeshwa: unakunja ngozi ya mabegani kwa vidole viwili, unaingiza kisindano kile chembamba, kwanza paka awe amekula. Asipokula, usimdunge. Ukimwona anatetemeka au analegea, mpake asali kwenye fizi upesi. Mikate basi, wali basi, lituma ya ndizi za kuponda basi. Apewe samaki wa kuchemsha na maini ya kuku. Kwa vile umeme ulikuwa wa kubahatisha, Théodore alitafuta chungu cha udongo, akakijaza mchanga mbichi, akaiweka chupa ya insulini humo, ikatunzwa kama yai.

Mikono iliyokuwa imezoea spana na grisi ikageuka laini. Asubuhi na jioni alimpakata Mosaka, akimnong’oneza Kilingala cha mtoni, na kabla paka hajajua lolote, sindano ilikwisha toka. Mosaka hakulia hata mara moja. Manyoya yakaanza kurudisha mng’ao. Ila mikate Théodore hakuiacha. Siku hizi aliila nyuma ya jikoni, amejibanza ukutani, ili paka asimwone akatamani. Gertrude alimsikia akitafuna, akaumia kuliko siku zote alizomgombeza.

Jioni moja alishindwa kuvumilia.

“Papa Chancelle, ile dawa unatia paka, ni yako. Docteur wa hospitali alikuandikia wewe.”

“Acha, Mama Chancelle.”

“Juu ya nini paka inakubali na wewe unakataa?”

Théodore aliendelea kumkuna Mosaka kidevuni. “Paka haijue kifo. Donc haiogope. Mimi niliona kaka yangu vile alienda.”

“Kaka yako alichelewa! Haikuwa sindano!”

Gertrude akaingia ndani, akakaa kitandani, mikono mapajani. Alimwonea paka wivu, akajionea aibu kwa wivu huo.

Wakati wa mvua kubwa Théodore akaanza kuvaa soksi mchana kutwa. Alisema ni baridi. Aliyefichua siri ni Mosaka, ambaye hakukoma kunusanusa soksi ya kushoto. Gertrude alipoivua kwa nguvu, harufu ilimpiga usoni. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na weusi ulikwisha panda. Théodore alisema alikanyaga bati zamani, hakusikia maumivu, akaona si kitu.

Hospitalini, huku homa ikimchemsha, hatimaye alisalimu amri. “Munichome,” alimwambia muuguzi. “Hata mimi ninaweza kuvumilia. Ni kasindano kadogo.” Wakamdunga. Lakini uchafu wa kidonda ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Siku ya mwisho alifumbua macho, akamtafuta mkewe.

“Mosaka ilikula?”

“Ilikula,” Gertrude alisema. Hakujua kama ilikula. Hakuwa amefika nyumbani tangu juzi.

Matangani nyumba ilijaa watu na viti vya kukodi, na Mosaka alijificha uvunguni mwa kitanda. Chancelle alikuja kuchuchumaa kando ya mkeka wa mama yake. “Maman, haikule tangu jana. Nifanye nini?”

Gertrude aliinuka. Adèle, dada wa marehemu, akamshika mkono. “Mujane anainuka kwenda wapi? Unalilia bwana ama paka?”

“Niache, Adèle,” alisema taratibu, na sauti yake ikamfanya wifi yake aachie.

Alilala kifudifudi sakafuni na kanga yake ya msiba, akamnyooshea Mosaka samaki kwenye ncha ya kidole. Alikaa hivyo mpaka nyimbo za uani zikabadilika. Mwishowe ulimi mkavu ukamgusa. Paka alikula kidogo, akala tena. Ndipo Gertrude akafukua chupa mchangani, akakunja ile ngozi kama alivyomwona mumewe akifanya, akadunga. Mosaka akakubali.

Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Alichemsha samaki, akapima, akadunga. Namba za mashine zikaanza kushuka, Docteur Nicolas akapunguza dawa, kisha akapunguza tena. Mwisho alikuja asubuhi moja, akachoma lile sikio, akatabasamu.

“Mama, tunaacha sindano. Mumuchunge chakula tu. Imepona.”

Gertrude aliendelea kukitazama kile chungu cha mchanga. Docteur akadhani hakuelewa.

“Imepona, Mama. Haiko tena na lazima ya insulini.”

“Nimesikia, Docteur. Merci.”

Alimsindikiza mpaka njiani, akaaga vizuri. Aliporudi hakufika mlangoni. Aliegemea ukuta nyuma ya jikoni, akalia kilio ambacho hata kaburini hakukilia, mdomo wazi, bila kujali majirani. Chancelle alitoka mbio akamkumbatia, akiuliza kuna nini, na mama yake akawa anarudia neno moja tu: “Ilikubali. Ilikubali.”

Ndani, Mosaka alianza kulia njaa. Gertrude alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akaingia kuwasha makaa.