Mtu wa Suti ya Buluu pale Otonglo

Mume wangu Zadock alikuwa fundi wa suti hodari, na mchoraji wa kujilazimisha. Bango lililosimama Otonglo, nje kidogo ya Kisumu, pale mabasi ya Busia yanapopunguza mwendo kwa ajili ya soko, alilichora mwenyewe mwaka wa 1984. Alichora mwanamume wa suti ya buluu mwenye shingo ndefu kama ya korongo, mkono mmoja umeuzidi mwenzake. Nilicheka hadi nikakaa chini. Chini ya miguu ya yule mtu aliandika: ZADOCK FUNDI WA SUTI, KIBUYE, SIKU TATU TU. Wasafiri nao walicheka, lakini walikuja.

Alikufa Februari 1987, kwa homa iliyoanza Jumatatu ikammaliza Ijumaa. Tulimzika kwao Uyoma. Baada ya matanga, kakaye mkubwa, Dalmas, alitangaza mbele ya wazee kwamba duka lisipojiendesha hadi Krismasi, cherehani zote mbili zitarudi nyumbani, nami nirudi nazo nitafutiwe mtu wa kuniangalia. Alisema kana kwamba mimi ni cherehani ya tatu. Sikuwa na mtoto wa kunitetea. Nilirudi Kisumu, nikafungua duka.

Kazi niliijua. Zadock alikata, mimi nilishona, na macho yake yalipoanza kumsumbua nilikata pia. Nusu ya suti zilizomletea sifa zilipita mikononi mwangu. Na watu hawakukosekana, kwa sababu bango lilikuwa bado limesimama na mtu wake wa buluu.

Lakini walikujaje? Mtu anashuka basi, anaingia dukani, anauliza Zadock yuko wapi. Namwambia. Anavua kofia, anakaa. Kwetu habari ya kifo haichakai. Ukiisikia leo, kwako marehemu amekufa leo, na ni lazima umlilie leo. Basi anamlilia. Wengine walilia kwa sauti hadi wauza nyanya wa Kibuye wakaja kuchungulia. Mimi nachemsha chai. Ananisimulia Zadock alivyomshonea koti la harusi, tunaomba pamoja, ananishika mkono wa pole, anaondoka. Na suti? Mtu haendi matangani akatoka na kipimo cha suruali. Ingekuwa aibu kwake na kwangu. Alikwenda kupimwa kwa fundi wa mtaa wa pili.

Kuanzia Machi hadi Agosti nilichemsha chai kuliko hoteli, nikashona suti nne.

Nakiri jambo moja. Nilizipenda siku zile. Siku ambayo hakuja mtu wa kumlilia Zadock, sikuzungumza na yeyote ila muuza maziwa, naye alikuwa na haraka zake.

Aliyeniona ni jirani yangu Bildad, Mkikuyu mwenye studio ya picha. Alikuja mchana mmoja, akakataa kiti.

"Mama, hiyo bango yako haiuzi suti," akasema. "Inaita watu matanga."

Nilimwuliza kama na yeye amekuja kunifundisha ujane. Hakukasirika. Alinipeleka mlangoni pake. Nje, kwenye ubao wake, palichorwa ziwa na maua mekundu. Ndani, kwenye pazia ambalo watu husimama mbele yake kupigwa picha, lilikuwamo ziwa lile lile na maua yale yale. Alinieleza kwamba mtu akiyaona maua barabarani kisha akaingia akayakuta, moyo wake hutulia na huketi mwenyewe kwenye kiti. Akikuta ukuta mtupu, ataomba radhi na kutoka. Bango langu linamwahidi mtu Zadock. Akiingia anaikuta picha ya Zadock ukutani, imezungushiwa kitambaa cheusi. Afanye nini ila kulia?

"Andika jina yako," akasema kwa upole. "Na hiyo picha, Mama, itoe kwa ukuta."

Picha ile aliipiga yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Sikusema naye wiki mbili. Kila nilipopita mlangoni pake nilitazama mtaro.

Kisha Septemba ikaja barua ya Dalmas. Hakuniuliza hali. Aliuliza kama meza za cherehani hukunjwa, maana pikapu aliyoahidiwa ilikuwa ndogo. Kesho yake asubuhi nilinunua rangi.

Nilisimama juu ya kreti pale Otonglo, wauza viazi vitamu wakinitazama, nikalifuta jina la mume wangu nikaandika langu, ADERO. Bildad alikuwa ameniambia nifute bango zima nichore upya. Mkono ulikataa. Yule mtu wa buluu nilimwacha na shingo yake. Nikarudi dukani nikashona suti ya buluu ile ile, ila mikono sawa, nikaitundika mlangoni na karatasi: SIKU TATU TU. Picha niliiweka kwenye droo, chini ya mkasi na chaki. Kwa atakayeuliza, Bildad alinipa jibu: "Hayupo, lakini kazi ipo." Uongo haukuwamo.

Ilifanya kazi. Mtu alishuka basi na suti ya buluu kichwani mwake, akaikuta mlangoni, akaipapasa, akanyoosha mikono apimwe. Walikuja walimu, walikuja mabwana harusi, ikaja kwaya nzima. Dalmas alipofika Desemba alikuta benchi limejaa watu wanaosubiri. Alikunywa soda yake, akanitakia Krismasi njema, akaondoka bila kuzitazama cherehani.

Nilishinda, na sijawahi kuwa mpweke kama miezi ile. Wateja hawakai. Kifua, kiuno, mguu, njoo Alhamisi. Nilishika mabega ya wanaume ishirini kwa wiki, na hakuna hata mmoja aliyenishika mkono. Jina la Zadock halikutajwa tena pale ndani. Kuna siku nililitaja mwenyewe, mdomo ukiwa na pini, nisikie tu linavyosikika.

Machi ilipoingia alikuja mzee mmoja kutoka Port Victoria, mvuvi jina lake Nicodemus. Alisimama mlangoni akasema anamwoza binti yake, na anataka suti nne: yake na za wanawe watatu. Oda ya namna hiyo huja mara moja kwa mwaka. Kisha akatazama huku na huku.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Lakini nimeona huyu mtu ya shingo mrefu bado ako Otonglo, nikajua Zadock ako. Ako wapi, Mama?"

Vijana wawili walikuwa kwenye benchi wakingoja zamu. Jibu nilikuwa nalo, nilishalisema mara mia.

"Hayupo," nikasema.

Lile la kazi ipo halikutoka.

"Zadock alikufa, Mzee. Mwaka mmoja sasa."

Alivua kofia, akakaa. Vijana walitazamana, mmoja akakumbuka basi lake, wakaondoka wote wawili. Sikuwazuia. Nilivuta droo, nikaipangusa picha chaki, nikaisimamisha juu ya cherehani, nikawasha jiko. Mzee alilia bila haya. Alipotulia alinisimulia jinsi alivyomtania Zadock zamani amtilie ndani ya koti mfuko wa sindano ya kushonea nyavu, naye Zadock akautia kweli. Niliukumbuka mfuko ule. Niliushona mimi, nikiwa nimenuna, nikimwambia mume wangu anaharibu bitana nzuri kwa mzaha. Tulicheka, kisha tukalia tena.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Suti zake angezipata kwingine. Alijua, nami nilijua.

Bildad alikuja, akauliza kwa sauti ya chini kama yule mzee ameagiza.

"Hakuagiza," nikamwambia. "Alikuja kwa Zadock."

Aliitazama picha, akanywa chai iliyobaki akiwa amesimama, mpaka mtu wa picha za kitambulisho akamwita. Mimi nilikaa na Zadock hadi saa ya kufunga. Kisha nikamrudisha kwenye droo, maana kesho wateja wangekuja.