Wastani Haukutikisika

Tangu saa moja asubuhi kipima sauti kilisimama kwenye miguu yake mitatu, hatua mbili kutoka alipokuwa mjomba wake, na mpima kelele hakuthubutu kuondoa macho hapo. Mjomba ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Miaka kumi na tisa alikuwa akiendesha mashine ya kukata bati, na siku hizi alijibu maswali ambayo hakuulizwa.

"Kidude kinasemaje, dada?" msimamizi wa karakana alipaza sauti.

"Wastani desibeli themanini na nne."

"Na mwisho unaoruhusiwa ni themanini na tano. Tumepona! Kwangu watoto peke yao wanafika tisini."

Hakucheka. Mstari wa juu wa kioo cha kipima sauti ulikimbizana na kila pigo la kisu: mia na kumi, mia na kumi na mbili. Wa chini ulibeba wastani wa siku nzima, pamoja na saa tatu za kimya mashine ikiwa imezimwa, kwa chai na kwa yale "matengenezo" ya ghafla ya msimamizi. Bila kimya hicho, ungesoma themanini na sita.

Mjomba alimwinamia. "Mwanangu, andika hiyohiyo. Wakifunga hapa, nani atanichukua na uzee huu?"

"Mjomba, unanisikia vizuri?"

"Nimeshakula, mama."

Mjomba alirudi kwenye mashine, akainama kuokota vipande vya bati. Nyuma yake foklifti, gari la kuinulia mizigo, ilianza kurudi kinyumenyume, king'ora kikilia. Karakana nzima iligeuka, isipokuwa yeye.

"Mjomba! Mjombaaa!"

Hakugeuka. Dereva ndiye aliyesikia, akakanyaga breki. Chuma kikasimama kikigusa shati la mzee. Mjomba aliinuka, akashangaa kumwona mpwa wake analia.

Mstari wa juu ulikuwa umeruka. Wa chini bado themanini na nne. Wastani haukutikisika hata kidogo.

Saa tisa msimamizi alileta fomu. "Sahihi tu, dada, tukapumzike."

Aliandika themanini na nne. Chini yake akaandika: mashine ilizimwa saa tatu; inapofanya kazi, wastani ni themanini na sita. Mwendeshaji hasikii king'ora.

Msimamizi alisoma, akamrudishia karatasi. Mjomba akaja akifuta mikono, macho yakiwa midomoni mwa mpwa wake.

"Tumepita?"

Alimgeuzia karatasi asome mwenyewe.