Mama Constance na Kijiji Kilichoachiwa Punda Milia

Tangu walipotoka Élisabethville, Mama Constance hakutulia. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena. Akauliza jina la kila mto. Mwanawe Adalbert, aliyeshika usukani wa kamioneti, akaanza kujuta. Ndiye aliyemwomba bwana wake, mpiga picha wa Kibelgiji aitwaye Pierre, mama aje kuwapikia njiani. Hakumwambia kwamba mama alizaliwa hukohuko waendako, kabla serikali haijawahamisha watu na kuliacha pori liwe la wanyama.

Walipopanda uwanda wa juu, Mumba, mlinzi wa pori, aliingia garini kuwaongoza. Kulikuwa kimya, upepo tu na majani. Kisha wakaona kundi la punda milia. Pierre akashuka polepole na mashine yake ya picha.

Mama hakuwatazama punda. Alikuwa ameona kichuguu cha udongo mwekundu uliopasuka.

"Adalbert! Ile haiko kichuguu. Ni tanuri ya batata, bazee betu ba zamani. Balikuwa banayeyusha chuma pale."

"Shikala hapa garini, mama. Bwana iko anapiga picha."

Mama alikwisha kushuka. Alikatisha majani, haraka haraka, na punda milia wakatimka wote, vumbi nyuma yao. Pierre akapiga kelele. Mumba akapuliza filimbi.

"Mama, kule hapana kuenda! Ni mahali ya banyama tu!"

Adalbert alimtazama bwana wake, akamtazama mama, kisha akakimbia kumfuata mama.

Alimkuta nyuma ya tanuri, anapasua majani kwa mikono, anasogea hapa, anarudi pale, jasho linamtoka.

"Unatafuta nini?"

"Kaburi ya mama yangu. Ilikuwa karibu na muti. Muti haiko tena."

Wakatafuta wawili. Waliona samadi mbichi na nyayo za kwato, hakuna zaidi. Mwishowe mama alipiga magoti mahali ambapo majani yalikuwa mafupi, akatoa unga mweupe wa tambiko nguoni, akaumwaga chini.

"Ni hapa?" Adalbert aliuliza.

"Sijue. Leo ni hapa."

Mumba aliwafikia akihema. Aliuona unga, akageuka kuangalia garini. "Fanya mbio, mama," alisema.

Jioni Pierre aliirudisha mashine yake ndani ya sanduku. "Tukifika mjini," alimwambia Adalbert, "utafute kazi ingine."

Wakati wa kurudi mama alilala fofofo juu ya mizigo. Adalbert ndiye aliyekosa utulivu sasa. Kazi imepotea, na kodi ya nyumba ipo. Lakini hilo silo lililomchoma. Waliposimama kutia maji kwenye injini, alimwamsha mama, akaketi kando yake.

"Mama, kambo yangu, mama yako ule tulimutafuta, alikuwa anaitwa nani?"

"Bwalya," mama akajibu, akikaa vizuri. "Haukuuliza hata siku moja."

"Na baba yake?"

Pierre alipiga honi. Adalbert hakunyanyuka.