Nyuzi Kwenye Mizizi

Barua ya kumwachisha kazi shemeji niliiandika mwenyewe, mistari minne, nikagonga na muhuri. Aliisoma amesimama, ndoo ya maji bado mkononi, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa shati. Mume wa dada yangu hakuwa mtu wa maneno mengi.

Miche ilikuwa ikifa. Safu nzima za misonobari zilikuwa zimegeuka njano pale kitaluni, na wakubwa walitaka mtu wa kubeba lawama. Mimi nilikuwa msimamizi. Yeye alikuwa mmwagiliaji. Nikaandika kwamba amezembea.

Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ameniita kando ya uzio. Alichimba kwa kidole, akaniwekea udongo kiganjani. Akasema zamani ulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui, zimeikumbatia mizizi ya miche. Sasa hazionekani, na zilianza kupotea upande wa yale maua. Nilicheka. Nikamkumbusha ni nani kati yetu aliyesomea miti, nikajifutia mikono kwenye sketi.

Maua yenyewe niliyaleta mimi. Mgeni mmoja kutoka mbali alinipa mbegu, nami nikazipanda kando ya uzio kwa sababu ofisi yetu ilikuwa haina sura. Yalishika kama yamezaliwa pale. Kufikia msimu wa pili yalikuwa yamefika kwenye vitalu, meupe, mazuri, na mimi nikiyasifia.

Mwaka uliofuata alikuja mtaalamu wa udongo. Alichukua sampuli, akarudi baada ya miezi miwili, akanieleza polepole kama daktari anayempa mgonjwa majibu. Mizizi ya ua lile hutoa kemikali. Haiidhuru miti yenyewe. Huua kuvu, zile nyuzi nyeupe zinazoishi kwenye mizizi ya miti na kuilisha. Miche yetu ilikufa njaa huku maji yakiwa tele.

"Hata mkiyang'oa leo," alisema, "sumu haitaondoka leo."

Ripoti ikatoka. Humo niliandikwa kuwa ndimi niliyegundua dalili za mwanzo. Nilikuwa nimepewa nafasi ya kusahihisha rasimu. Nilisahihisha nukta na mikato.

Dada alikuwa ameacha kupokea simu zangu, basi nikamfuata shemeji kwenye kazi yake mpya, ulinzi wa lango la kiwanda cha sabuni. Sare ilimpwaya mabegani. Nikamweleza yote: maua, kuvu, ripoti. Nilitaka anitukane. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Alinisikiliza hadi mwisho, macho yake barabarani.

"Nilikuambia," alisema, bila kupandisha sauti.

"Uliniambia."

Honi ikalia nyuma yangu.

"Sogea kidogo, shemeji. Kuna gari."

Nikasogea. Akainua kizuizi, lori likapita, akakishusha, kisha akaingia kibandani kuandika namba ya lori kwenye daftari.