Bembea Matangani

Siku iliyoniharibia kila kitu ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti, mwaka wa sabini na nne. Asubuhi hiyo lori liliingia Murungu likitokea upande wa Kibondo, limekuja kutuhamishia kijiji kipya cha ujamaa. Pelagia mke wangu alikuwa hajamaliza wiki kaburini. Mimi nilikuwa nimeketi chini, juu ya majani makavu ya migomba, kichwa kimenyolewa. Sikuwa nimeshika jembe wala panga, kwa sababu kwetu mtu akifa kazi hulala mpaka ndugu wakutane kuondoa msiba. Wenyewe tunaita kuganduka. Kabla ya hapo mfiwa hafanyi kitu, na vitu vyake navyo havifanyi kitu. Ndiyo maana bembea yangu ilikuwa imefungwa kamba za mgomba.

Niieleze kwanza hiyo bembea, maana siku hizi wapo vijana wanaosema niliota.

Ujanani nilikwenda manamba Tanga kukata mkonge, kama wanaume wengi wa Uha. Krismasi moja Mhindi fulani alileta pale kambini mashine ya farasi wa mbao wanaozunguka. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini nilipanda, nikashuka, nikapanda tena, mpaka wenzangu wakanicheka: "Bazilio, unarudi Uha kwa farasi?" Wenzangu walirudi na baiskeli, wengine na redio. Mimi nilirudi na wazo hilo tu kichwani. Nyumbani walilicheka wote isipokuwa Pelagia.

"Sasa kitazungukia juu ya nini?" aliniuliza.

Hapo ndipo Dadi alipotusaidia. Dadi ni muuza duka wa Kasulu, Mwislamu, baba yake alitoka pwani. Nyuma ya duka lake kulikuwa na lori bovu, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani. Akatupatia ekseli na usukani. "Chukueni," akasema. "Hili limekataa kwenda mbele, labda litakubali kuzunguka."

Tukaichimbia ekseli wima, tukaishindilia mawe, juu yake tukafunga mihimili ya mninga, na kila ncha nikachonga kiti: ng'ombe wa pembe ndefu, simba, kobe wa watoto wadogo, na lori lenye ule usukani wa kweli. Hakukuwa na injini. Watu walisukuma kwa ndani, wakiizunguka nguzo, na Pelagia aliimba nyimbo za kutwangia. Akikaza wimbo, bembea inakimbia. Akiulegeza, bembea inatulia na watoto wanaanza kulia hawataki kushuka. Grisi ilikuwa shida tupu. Tulipaka mawese, na jua likiwaka bembea nzima ilinukia kama sufuria ya maharage.

Hatukujaliwa mtoto aliyeishi. Hilo nalisema mara moja tu. Lakini siku ya gulio uwanja wetu ulijaa watoto kuliko nyumba yoyote ya Murungu. Walitoka Busunzu kwa miguu, na mayai mkononi au fungu la mahindi, na asiye na kitu alipewa kazi ya kusukuma. Sikukuu ya Idi, Dadi alimleta mkewe Mwanaamina na watoto wao, wanawake wakapanda wameshika kanga zao kwa meno. Mwaka ule watu wa Burundi walipokimbia kwao, alikuja mama mmoja, Niyonsaba, aliyevukia upande wa Munanila. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mzigo. Akapanda ng'ombe. Hakucheka, hakulia, alizunguka tu akitazama mbele, na bembea iliposimama hakushuka. Akasema, "Ongeza." Pelagia akaongeza. Jioni ikaingia wanazunguka, yeye na wimbo wa Pelagia, na wasukumaji hawakudai kitu.

Basi kwa wakubwa hiyo haikuwa kazi. Kila aliyekuja alikuwa na neno lake. Huyu anataka kibali. Yule anasema watu wacheze baada ya mavuno. Mmoja alisimama hapo hapo uwanjani akatangaza, "Ujamaa hauzunguki, unakwenda mbele!" Watu wakapiga makofi, halafu wakapanga foleni kupanda. Sabasaba moja waliniamuru niipeleke Kasulu bure, ipambe sherehe. Wanaume wenye matumbo yao walikaa wanne juu ya simba mmoja, simba akavunjika kiuno, na mimi ndiye niliyekaripiwa. Mvua zilikuja na matope, kiangazi kilikuja na mchwa. Pelagia alisema, "Mchwa tutawashinda. Hawa wa suruali ndio sijui." Akacheka. Alikuwa na cheko kubwa, la kusikika ng'ambo ya bonde.

Alikufa kwa homa, haraka, mwanzoni mwa Agosti. Nami nikaifunga bembea.

Tunarudi Jumatano ile. Aliyeshuka kwenye lori alikuwa kijana, suruali ina mstari kama imepigwa rula. Jina lake tuliambiwa, lakini sisi tulimwita Bwana Operesheni. Nyuma yake wanamgambo wana mashoka. Matangani tulikuwa wachache: mimi, Tharsisi kaka yake Pelagia, ndugu zao, na Dadi aliyetoka Kasulu kuja kutoa pole.

"Nani mwenye mali hii?" akauliza Bwana Operesheni, akiipiga bembea kwa fimbo.

"Mimi."

"Simama basi unapoongea na serikali."

"Nina msiba, bwana. Sisimami."

"Pole. Sikilizeni. Nimeambiwa mali inayofanya kazi ipakiwe, isiyofanya kazi isinijazie lori. Hii inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Mbona imefungwa kamba?"

"Imefiwa."

Mwanamgambo mmoja akaangua kicheko. "Mbao zimefiwa! Na huyu simba naye anyolewe?"

Hata ndugu wengine walificha midomo. Bwana Operesheni hakucheka. Nafikiri alikuwa amechoka. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akasema taratibu, kama mtu anayetoa zawadi, "Izungushe niione. Mzunguko mmoja tu. Ikizunguka, naipakia, na kijiji kipya utapewa kiwanja chake kando ya barabara. Isipozunguka, mbao zinajenga ofisi."

Mzunguko mmoja. Mtoto wa miaka saba angeweza kuizungusha.

"Matangani haizunguki," akasema Tharsisi. "Keshokutwa tunaondoa msiba. Ijumaa. Ijumaa itazunguka mpaka uchoke kutazama."

"Lori halingoji Ijumaa, mzee. Likingoja kila mwenye msiba, nchi hii itahamia lini?"

Hapo Dadi akainuka, akakung'uta kanzu. "Bwana mkubwa, mimi si wa ukoo huu wala wa dini hii. Nimekuja kutoa pole tu. Niache nisukume mimi." Akaniinamia. "Bazilio ndugu yangu, sema neno moja. Wewe kaa hapo hapo, usiinue hata kidole."

Tharsisi akanigeukia mimi, hakumgeukia Dadi. "Muramu, shemeji yangu, mikono itakuwa ya huyu, lakini bembea ni ya Pelagia. Utamzungusha dada yangu kabla hajaagwa? Zungusha. Sisi tutaondoka sasa hivi, na Ijumaa utaganduka peke yako na mbuzi wako."

"Ah, mzee Tharsisi," Dadi akasema, "marehemu mwenyewe alikuwa akitoka jikoni na unga mikononi aje aizungushe hii!"

"Alikuwa hai."

Wote wakanitazama. Nami nilitazama ile kamba niliyoifunga kwa mikono yangu siku tuliyomzika. Nilikuwa namwona Pelagia amesimama pale katikati, kwenye ekseli, kanga imefungwa kiunoni, anavuta pumzi kabla ya kuanza wimbo. Nikajua Dadi akisukuma, itazunguka kimya. Hiyo sikuiweza. Wengine wanasema niliogopa ukoo. Sikuuogopa ukoo.

"Hapana," nikasema. "Isiguswe."

"Umesema mwenyewe mbele ya mashahidi," akasema Bwana Operesheni, akawapungia wenye mashoka.

Mninga ni mti mgumu. Walikata mpaka jua likapanda kichwani, na mimi nimeketi kwenye majani, maana mfiwa hainuki kupigania kitu. Mihimili wakaipakia. Ng'ombe wakampasua kichwa, lori la mbao wakaling'oa usukani. Kobe wakamtia motoni kuchemshia chai yao. Ekseli wakashindwa kuing'oa, wakaiacha imesimama. Dadi alitembea mpaka nyuma ya nyumba akakaa huko. Tharsisi alitazama mwanzo mpaka mwisho, na walipomaliza akasema, "Umefanya vizuri, muramu." Neno lile lilikuwa kama chumvi jichoni.

Kisha wakaliwasha lori, likakohoa, likazima. Dizeli hakuna. Dereva akatumwa Kibondo kwa baiskeli kwenda kutafuta.

Alhamisi lori lipo. Ijumaa asubuhi lipo, limesimama pale pale, mbao zangu mgongoni. Ndugu wakakutana, wanawake wakachota maji, tukanawa, pombe ya ndizi ikamiminwa, aliye na la kusema juu ya marehemu akalisema. Tharsisi akaniwekea jembe mkononi, nikalima kipande kidogo kama desturi, msiba ukaisha. Nilikuwa sasa mtu huru kufanya kazi yoyote. Bwana Operesheni alikuwa ameketi kivulini mwa lori lake, hana chakula. Mgeni ni mgeni. Nilimpelekea kibuyu mimi mwenyewe.

Akanywa. "Pombe nzuri hii," akasema. "Mke wako alikuwa na umri gani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, nadhani, akanywa tena. Nyuma ya mgongo wake niliona pembe moja ya ng'ombe wangu imejitokeza kati ya mbao. Dizeli ilifika Jumamosi.

Kijiji kipya kiko upande wa Busunzu, nyumba zimepangwa kama meno. Tharsisi na ndugu zake walipelekwa kijiji kingine, mbali, upande wa Kasulu. Ule ukoo ulioniambia nitaganduka peke yangu sijauona zaidi ya mara mbili. Sina mtu wa kumsalimu mwakeye asubuhi. Napika mwenyewe, nakula mwenyewe, na mara nyingine nasahau kama nimekula. Jioni watoto wa barabarani wanafukuza tairi la baiskeli kwa kijiti, ndiyo michezo yote waliyo nayo. Mara moja nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kuwa huyu mzee alikuwa na ng'ombe anayezunguka. Mwenzake akamjibu, "Muongo!"

Nimeomba kiwanja. Miti bado ipo porini na mikono yangu bado ni mizima. Mwenyekiti wa kwanza alisema mpango wa kijiji una mpira, hauna bembea. Wa pili alisema nilete kibali kutoka juu. Juu wakasema nikianzie chini. Huyu wa sasa ananiita mzee wangu, ananipa kiti, halafu anaangalia nje dirishani mpaka nainuka mwenyewe.

Mwaka jana Mwanaamina alipita na mumewe wakienda Kibondo kununua maharage. Dadi alisalimia akabaki na mizigo, hapendi kuizungumzia siku ile. Mwanaamina yeye hana breki. Akaniambia, "Shemeji, usinichukie. Pelagia angekuwa hai angekutukana. Angeifungua ile kamba mwenyewe."

"Angekuwa hai isingefungwa," nikasema.

Akaniachia karanga kidogo, wakaenda zao.

Usiku ule sikulaumu mtu, niliwaza tu kama alisema kweli. Asubuhi nikaanza tena kuwalaumu, maana wao ndio waliokuja na mashoka, si Mwanaamina, si Tharsisi, wala si mimi. Walisema lori halingoji. Waliweka mzigo huo juu ya mtu aliyeketi kwenye majani: mke wako au bembea yako, chagua sasa hivi.

Na yule Bwana Operesheni amepanda cheo. Mwezi uliopita alikuja mgeni rasmi, amenenepa, akakalishwa mbele ya ofisi ile ile iliyojengwa kwa mninga wangu. Alinitambua, akaninyooshea mkono. Ulipofika wakati wa maswali nilisimama nikauliza langu. Watu wakacheka, mwenyekiti akasema swali limepokelewa, ngoma zikapigwa. Nimelirudia kwenye mkutano uliofuata, likapokelewa tena. Nitalirudia na keshokutwa, tukikutana: bwana, Ijumaa ile ulipokuwa ukinywa pombe ya kumuaga mke wangu, umeegemea lori lisilo na dizeli, haraka ya Jumatano ilikuwa ya nani?