Sikio la Mashine ya Samaki

Mimi ni fundi redio wa Kimemi, Butembo, na wakati ule nilijiona hakuna fundi mwingine duniani. Mwaka wa 2001 komanda wa waasi aliyekuwa amejitwalia ziwa Edouard aliniita niende Kyavinyonge, kando ya ziwa hilo. Mashine iliyomwonyesha samaki kwenye boti yake ilikuwa imekufa.

Shemeji yangu Lusenge, mume wa dada yangu Katungu, alikuwa mateka wake tangu Pasaka. Wenzake walishauawa. Yeye aliachwa hai kwa sababu, mashine ilipokufa, aliweza kuwaonyesha askari penye samaki kwa kuyatazama maji tu. Hayo niliyajua. Nikajidanganya kwamba kazi nzuri itamlainisha komanda, nami nitamwomba anipe shemeji yangu.

Tukaingia ziwani, Lusenge naye akiwa botini. Sikio la mashine, linalowasikia samaki majini, ni kidude kama kipande cha sabuni, kinafungwa chini ya mota ndogo ya umeme. Niliinua mota, nikalegeza mkanda wa chuma, nikalitoa la zamani ili nifunge jipya nililokuja nalo. Komanda alisema waya wake ulikatwa na panga la mota, lile linalozunguka majini.

Lusenge akanisogelea. "Shemeji, hapana fanya mbio," akasema polepole. "Hii kitu iko nguvu. Inaweza kushinda mutu."

Nilikasirika. Mimi, nishindwe?

"Mon commandant," nikasema kwa sauti, askari wote wasikie, "panga ya mota inatafunaka waya. Huu hapana. Angalia vile iko propre, safi kabisa: ni kisu ndiyo ilikata."

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Komanda aliutazama waya, kisha akamtazama Lusenge, ambaye kila siku ndiye aliyekaa karibu na mota. "Fundi, uko na akili sana," akasema. "Maliza kazi."

Hapo ndipo nilipoelewa: Lusenge ndiye aliyeukata waya ili aendelee kuhitajika, na alikuwa akiniomba nishindwe. Ningeweza kuliharibu lile sikio jipya. Lakini bunduki ilikuwa mgongoni mwangu, na nasema ukweli, nilitaka kuishi kuliko nilivyompenda shemeji. Nikalifunga sawasawa, uso wake ukitazama chini, nikaacha waya ulegee kidogo ili mota ikigeuka usivutike. Kioo cha mashine kikawaka.

"Maji inaenda mupaka wapi?" komanda akauliza.

"Vingt-quatre mètres," nikajibu. Mita ishirini na nne.

"Lusenge, shuka utuhakikishie."

Wakamfunga jiwe la nanga miguuni. Alinitazama bila chuki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Unisalimie Katungu," akasema. Wakamtosa.

Komanda alinishika kisogo, akakielekeza kichwa changu kwenye kioo. Mstari mweusi ulishuka mita tano, mita kumi na mbili, ukafika chini, ukatulia. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

Nilipofika kwa dada yangu, habari zikiwa zimenitangulia, sikupewa hata kiti. Aliniuliza jambo moja tu, kama mumewe aliteseka. Nikamwambia sikuona.