Wakuu Wakiondoka

Mkurugenzi wa manispaa alitanguliza kitambi hadi kwenye kipaza sauti cha ukumbi wa mkutano, akasema wakuu wa idara wasipoongezwa mshahara wataondoka, na mji utakwama. Mfagiaji wa soko, mama aliyefagia miaka kumi na tisa kwa fagio za kujinunulia, uvumilivu ukamwishia. Akasimama bila kuitwa.

"Sisi tulipogoma siku tatu tu, ulitufuata sokoni umeziba pua, ukatuita mama zako. Uongo?"

Mkurugenzi akakohoa. "Kweli, mama, ila..."

"Ila nini? Mwezi uliopita wewe na wakuu wako wote mlikwenda semina wiki tatu nzima. Nani humu aliona pengo?"

Meya, mwenyekiti wa kikao, akamgeukia mkurugenzi polepole.

"Kumbe mlisafiri?"